Mshale Umempata, Kulungu Hayupo

Damu ya rangi ya waridi yenye vipovu ni habari njema: mshale umepita kwenye mapafu. Damu nyekundu iliyokolea, karibu na rangi ya ini lenyewe, inadai subira ya saa kadhaa. Mshale ukiwa na uteute wa kijani na kahawia, unanuka nyasi zilizochacha, basi tumbo ndilo lililopigwa, na usiku utakuwa mrefu. Kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika huko Marekani, maelfu ya wawindaji huchuchumaa chini ya miti ya mialoni, tochi mkononi, wakigeuzageuza mshale mmoja na kujaribu kubaini mnyama waliyempiga amekwenda kufia wapi. Au kama atakufa kabisa.

Mnyama mwenyewe ni kulungu mkia-mweupe, anayepatikana kuanzia kusini mwa Kanada hadi Amerika ya Kusini. Pembe za dume lake zina matawi, nazo hudondoka kila mwaka na kuota upya, tofauti na pofu na swala wa Afrika ambao pembe zao ni za maisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa ametoweka katika sehemu nyingi za Marekani kwa kuwindwa ovyo na kuuzwa nyama yake sokoni. Sheria zikamrudisha, na leo anakadiriwa kufika milioni 30 hivi. Wawindaji huua karibu milioni 6 kwa mwaka. Wengi hutumia bunduki, lakini upinde si mchezo wa watu wachache: katika jimbo la Pennsylvania, kulungu mmoja kati ya watatu au karibu na hapo huangushwa kwa mshale.

Uwindaji huu wa kisasa una chanzo cha kushangaza. Agosti 1911, karibu na mji wa Oroville huko California, alijitokeza mtu mmoja aliyekuwa wa mwisho wa watu wake, Wayahi, wenyeji asilia wa huko. Aliitwa Ishi. Alipelekwa San Francisco akaishi katika makumbusho ya chuo kikuu, na daktari aliyekuwa akimtibu, Saxton Pope, akageuka mwanafunzi wake wa kuchonga upinde na kunyemelea mnyama. Ishi alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Pope aliandika kitabu kilichotoka 1923, na Wamarekani ambao babu zao walikuwa wamekwisha kuutupa upinde wakaanza kuutamani tena. Mwaka 1934 Wisconsin ikatenga msimu wa upinde peke yake. Mwaka 1969 Holless Wilbur Allen wa Missouri akapata hataza ya upinde wenye roda kwenye ncha zake, unaompunguzia mvutaji uzito pale kamba inapofika mwisho, akaweza kulenga kwa utulivu badala ya kutetemeka. Kisha ukaja kwa nguvu upinde wa kifyatulio, ule unaolazwa juu ya kitako kama cha bunduki na kuwekewa darubini. Zamani majimbo mengi yaliuruhusu kwa walemavu na wazee tu. Pennsylvania iliufungulia mlango mwaka 2009, Wisconsin ikafuata 2014, na sasa mtu ambaye hajawahi kuvuta kamba maishani anaweza kujifunza kupiga shabaha kwa siku moja.

Hapo ndipo penye mtego. Chombo kimekuwa rahisi, lakini namna mshale unavyoua haijabadilika tangu enzi za Wayahi. Risasi ya bunduki hupasua na kutikisa mwili mzima. Mshale hukata tu. Chembe chake, chenye makali mawili, matatu au manne kama ya wembe, hufungua mishipa, na mnyama hufa kwa kuishiwa damu au kwa mapafu kusinyaa. Kulungu wa kilo 70 ana damu ya lita 4 hivi, na ni lazima apoteze walau theluthi yake ndipo aanguke. Mshale ukipita katikati ya mapafu yote mawili, hilo hutokea kwa sekunde chache, naye huanguka baada ya kukimbia mita mia moja, pengine chini ya hapo. Ukipita penginepo, hesabu inaharibika.

Na njia za kukosea ni nyingi, hata kwa mtu mwenye shabaha. Mshale wa upinde wa roda huruka mita 80 hadi 90 kwa sekunde, lakini sauti ya kamba husafiri mita 340. Kulungu akiwa umbali wa mita 27, mlio unamfikia kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha, ilhali mshale unahitaji karibu theluthi ya sekunde. Katika robo ya sekunde iliyobaki, mnyama aliyeshtuka hukunja miguu apate kuchupa, na mwili wake hushuka kwa upana wa kiganja au zaidi. Mshale uliolengwa mapafuni unakuta mgongo, au unapita hewani. Hakuukwepa mshale, maana hakuuona. Alikuwa anajiandaa kukimbia, basi. Upinde wa kifyatulio hurusha mshale kwa kasi zaidi, mita 100 hadi 130 kwa sekunde, lakini nao una kelele, na kasi hiyo humshawishi mwenye nao apige kulungu aliye mbali zaidi. Faida yote inarudi ilikotoka.

Kuna pia suala la dungu. Wawindaji wengi wa Marekani hukaa juu ya mti, kwenye kiti kilichofungwa mita 5 au 6 kutoka ardhini, ili harufu yao na miondoko yao isimfikie mnyama. Kutoka huko juu mshale unaingia karibu na mgongo na kutokea chini ya kifua. Ukitokea, vizuri: damu inamwagika na kuacha njia. Usipotokea, tundu pekee liko juu, kifua kinajaa damu kwa ndani kama ndoo, na chini kwenye majani hakuna tone. Mnyama yuko mita 80 tu kutoka pale, amekwisha kufa, na bado hapatikani.

Wawindaji wana imani moja iliyoenea kwamba juu ya mapafu na chini ya uti wa mgongo kuna nafasi tupu, mshale ukipita hapo kulungu haumii. Maumbile hayakubali. Mapafu ya mnyama aliye hai hujaza kifua hadi juu kabisa. Anayedhani amepiga nafasi hiyo kwa kawaida amepiga nyama ya mgongo juu ya uti, mahali ambapo damu hutoka nyingi kwa mita mia moja au mia mbili, kisha inakatika ghafla, na kulungu anaendelea na maisha yake.

Ndiyo maana waalimu wa uwindaji hufundisha kwamba kazi huanza mara tu mshale unapotoka. Mwindaji anapaswa kubaki juu ya dungu, atulie, atazame. Je, kulungu aliruka na kutupa miguu ya nyuma? Huenda ni moyo. Alijikunja mgongo, akatembea polepole huku mkia umeshuka? Huyo amepigwa tumbo. Alikwenda upande gani, mti wa mwisho alioonekana karibu nao ni upi, kulisikika mwanguko au kukatika kwa matawi? Yote haya yanahitaji kushikwa akilini na mtu ambaye moyo wake unadunda na mikono inamtetemeka. Wengi hukumbuka vibaya. Tangu watu waanze kujirekodi kwa kamera ndogo, imekuwa jambo la kawaida mwindaji aape kwamba amepiga nyuma kidogo ya bega, kisha video imwonyeshe mshale umezama kwenye utumbo.

Halafu kuna kusubiri, na hapa ndipo kulungu wengi hupotea.

Kanuni zinazofundishwa zinafanana popote utakapouliza. Mapafu au moyo: nusu saa. Ini: saa 4 hadi 6. Tumbo na utumbo: saa 8 hadi 12, maana yake mara nyingi ni kuondoka kimyakimya na kurudi asubuhi. Sababu yake iko katika tabia ya mnyama. Kulungu aliyejeruhiwa tumboni, asipofukuzwa, hutafuta kichaka kizito na kulala, mara nyingi ndani ya mita 200. Akisikia hatua za watu, huinuka. Uoga unampa nguvu ambazo jeraha lilikuwa limekwisha kumnyang'anya, naye huenda nusu kilomita, kilomita nzima, akivuka barabara na mito, na kwa kuwa mafuta au kipande cha utumbo kimeziba tundu, hatoi damu ya kufuata. Mtu aliyeshuka mtini dakika kumi baada ya kupiga, kwa furaha au wasiwasi, ndiye aliyempoteza, hata kama mshale wake ulikuwa umekwisha kumuua.

Ila si haki kumlaumu bila kutaja upande wa pili. Mwezi Septemba joto bado ni nyuzi 20, na nyama iliyolala usiku kucha ndani ya ngozi, na utumbo umepasuka, inachacha. Mvua ikinyesha, damu yote inaoshwa. Koyote, mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na mbweha wetu ila ni mkubwa kidogo, husikia harufu na kuweza kumaliza sehemu kubwa ya mzoga kabla ya mapambazuko. Kaskazini kuna dubu pia. Kwa hiyo mtu anakaa ndani ya gari lake saa mbili usiku, wingu limetanda, anapima: nikienda sasa nitamwamsha, nisipoenda sitakuta kitu. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayomtolea jibu hilo. Wazoefu wengi, wakilazimika kuchagua, huchagua kungoja na kubeba hasara ya nyama.

Kufuata damu kwenyewe ni kazi ya polepole isiyofanana kabisa na picha ya mwindaji shujaa. Watu hutembea kando ya njia ya damu, kamwe si juu yake, na kuning'iniza kipande cha karatasi ya chooni kila wanapokuta tone. Wakigeuka nyuma, mstari wa vipande hivyo huwaonyesha mnyama anakoelekea. Tone lenye mkia huonyesha upande aliokuwa akikimbilia. Matone ya mviringo yakiwa yamerundikana, alisimama. Damu iliyopakwa kwenye shina kwa urefu wa goti au kiuno husema jeraha liko wapi. Wengine hubeba chupa ya kupulizia ya haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda, kwa kuwa ikigusa damu hutoa povu jeupe na kuitenganisha na madoa mekundu ya majani ya vuli. Hilo si dogo. Karibu mwanamume mmoja kati ya 12 ana upofu wa rangi wa kutotofautisha vizuri nyekundu na kijani, na wapo wawindaji waliogundua hali yao hiyo wakiwa wamepiga magoti msituni, mtoto wao akiwaonyesha damu wasiyoiona.

Damu ikikatika, huanza msako wa kugawana eneo, watu wamejipanga mstari, wakichungulia kila kichaka na kila kando ya maji. Marafiki huitwa kwa simu. Nia yao ni njema, lakini nyayo za watu sita hufukia dalili zote zilizobaki na kusambaza harufu ya damu kila upande. Hilo ndilo linalowaudhi zaidi watu wenye mbwa.

Ulaya ya kati ina desturi ya karne nyingi ya kutumia mbwa waliofundishwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa. Ujerumani, ambako sheria ya uwindaji inakataza kumpiga mnyama mwenye kwato kwa mshale, mwindaji wa bunduki aliyejeruhi anatarajiwa kumtumia mbwa wa namna hiyo. Uingereza nayo hairuhusu upinde. Majimbo mengi ya Marekani yalikwenda kinyume: yaliruhusu upinde na kwa muda mrefu yakakataza mbwa, kwa hofu kwamba watu wangewatumia kukimbiza kulungu wazima. Mabadiliko yalianza New York katika miaka ya 1970, pale profesa wa historia John Jeanneney na wenzake walipopewa kibali cha majaribio. Mnyama wake hakuwa jitu la kutisha. Alikuwa Dachshund mwenye manyoya magumu, mbwa wa Kijerumani mwenye miguu mifupi, aliyefungwa kamba ndefu ili asimtangulie bwana wake. Leo majimbo mengi yanaruhusu mbwa wa kamba, Pennsylvania ikijiunga mwaka 2018.

Mbwa hahitaji damu kama mtu anavyoihitaji. Kulungu ana tezi kati ya vidole vya kwato zake, na harufu anayoiacha kila akikanyaga, ikichanganyika na ya jeraha, humtosha mbwa mzuri kufuata njia ya jana, akipita katikati ya nyayo za kulungu wengine kumi. Wenye mbwa, ambao wengi hufanya kazi hii kwa kujitolea au kwa ada ya mafuta ya gari, huuliza maswali mengi kabla ya kutoka nyumbani: alipigwa saa ngapi, alijikunja au aliruka, mshale una nini, ni watu wangapi wamekwisha kupita hapo. Hata hivyo mara nyingi hurudi mikono mitupu. Huitwa kwenye kesi ngumu tu, na wengi wa kulungu hao hawakuwa na jeraha la kuwaua.

Mshindani mpya wa mbwa anaruka. Droni yenye kamera ya joto inaweza kuzunguka msitu mzima kwa dakika chache na kuonyesha mwili ulio bado na joto umelala kwenye kichaka. Baadhi ya majimbo yameikubali, mengine yanaona droni inayomtafuta mfu leo itamtafuta hai kesho. Kampuni moja ya Ohio iliishtaki idara ya maliasili ya Michigan mwaka 2023 ikidai haki ya kuitumia kwa kazi hiyo. Haikufanikiwa.

Je, ni wangapi wanaopotea? Jibu lililo bora linatoka mahali pasipotarajiwa: kambi ya jeshi la majini ya Indian Head, Maryland. Kati ya 1989 na 2006 wawindaji walioruhusiwa kuingia humo na pinde za roda na za kifyatulio waliweka kumbukumbu za kulungu waliowapiga. Asilimia 18 hawakupatikana. Hao walikuwa watu waliopimwa shabaha kabla ya kuruhusiwa. Utafiti mwingine wa Oklahoma, ndani ya ghala la silaha la jeshi huko McAlester, ulifuatilia madume yaliyofungwa vifaa vya redio katika eneo la upinde wa jadi usio na roda. Nusu ya waliopigwa hawakupatikana, lakini vifaa vile vilionyesha kwamba wengi wao waliendelea kuishi. Wachinjaji wa kulungu nao wanalijua hilo: si ajabu kwao kukuta chembe cha mshale wa msimu uliopita kimevikwa kovu ndani ya nyama ya bega, mnyama mwenyewe akiwa mnono.

Wapinzani wa uwindaji wa upinde huzishika asilimia hizo na kusema ni ukatili. Watetezi hujibu kwamba bunduki nayo hujeruhi na kupoteza, na kwamba koyote, njaa ya majira ya baridi na magari havimpi kulungu kifo chepesi zaidi. Pande zote mbili zina hoja. Ila watetezi wangesikilizwa zaidi kama wasingekuwa wepesi kusema "nimemchubua tu" kila mnyama asipopatikana.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni ya ugenini matupu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, lakini kusini mwa mpaka, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe bado wanaishi kwa upinde. Kwa mnyama mkubwa hutumia mshale wa sumu ya mimea, nao hawamkimbilii. Aliyepiga hutazama damu na nyayo, hurudi kambini, kisha huenda na wenzake kumfuata sumu ikishafanya kazi. Nao hushindana na fisi na simba kufika kwanza, na wakati mwingine hushindwa. Mwongozo wa mwindaji wa Wisconsin na desturi ya Mhadzabe vimekutana palepale.

Tofauti kubwa iko kwenye malipo. Katika uwindaji wa kitalii barani Afrika, Tanzania ikiwemo, mgeni aliyemjeruhi mnyama na kumkosa humlipia kama aliyemuua. Huko Alaska, dubu aliyejeruhiwa katika baadhi ya maeneo huhesabiwa kwenye idadi ambayo mwindaji ameruhusiwa, hata kama hakuonekana tena. Kwa kulungu mkia-mweupe mambo ni mengine. Majimbo mengi humtaka mwindaji afanye juhudi za kutosha kumtafuta, na mara nyingi aombe ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kuvuka ua. Lakini asipompata, lebo ya kumfunga mnyama bado iko mfukoni mwake, halali, na kesho anaweza kupanda tena juu ya dungu. Wapo wanaoikata lebo hiyo wenyewe na kufunga msimu wao, bila ofisa yeyote kuwataka. Wapo, na pengine ndio wengi zaidi, wanaosema kwamba sheria haiwadai. Na kwa kuwa haiwadai hata taarifa, kulungu aliyepotea haingii katika takwimu za jimbo. Kumbukumbu za Indian Head zipo kwa sababu tu kambi ya kijeshi iliweza kumwamuru mgeni wake aandike.